Waziri Mkuu hukaa madarakani muda gani?

Tangu Februari 17, 1972, cheo cha Waziri Mkuu kiliporejeshwa Tanzania, hadi Novemba 2025 alipoapishwa Mwigulu Nchemba, ni takriban miaka 53 na miezi tisa. Vimepita vipindi 12. Kipindi hapa ni muda kuanzia kuapishwa hadi kuondoka, ndiyo maana watu ni 10: Sokoine na Msuya walirudi. Wastani ni miaka minne na nusu.

Wastani huo unaficha mengi. Ukate hesabu Novemba 28, 1995, alipoingia Sumaye: kabla yake, vipindi vinane katika miaka karibu 24, mitatu mitatu. Baada yake, vinne katika miaka 30, yaani saba na nusu.

Ni rahisi kuupa mfumo wa vyama vingi sifa ya tofauti hiyo. Lakini Rais Mwinyi alikaa Ikulu miaka 10 akawa na mawaziri wakuu watatu. Mkapa, miaka 10, mmoja. Kikwete, miaka 10, wawili. Muda wa rais ni uleule. Kinachobadilika ni uamuzi wake. Majaliwa, kwa upande wake, alivuka kutoka kwa Magufuli hadi kwa Samia.

Lowassa alidumu siku 769, akajiuzulu Februari 7, 2008, kwa sakata la umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond. Takwimu iliyobaki midomoni ni shilingi milioni 152 kwa siku, tozo iliyopaswa kulipwa hata mitambo isipozalisha. Kwa mwezi wa siku 30 ni bilioni 4.56, kwa mwaka, bilioni 55.48. Hiyo ya mwaka isomwe kwa tahadhari: inachukulia kwamba tozo ililipwa kila siku bila kukatwa, na kwamba dola, ambayo tozo ilikokotolewa kwayo, haikupanda wala kushuka.

Je, Bunge linaweza kumwondoa Waziri Mkuu? Ibara ya 53A ya Katiba inataka hoja ya kutokuwa na imani iungwe mkono na asilimia 20 ya wabunge wote, na kupita kwa kura za zaidi ya nusu ya wote. Tuseme wabunge ni 350: saini 70 zinatosha kuanza, kura 176 zinahitajika kumaliza. Asiyehudhuria, kwa hesabu hiyo, ni sawa na aliyesema hapana. Aprili 2012 saini zilikusanywa dhidi ya Pinda. Hoja haikufika kupigiwa kura, naye akabaki hadi 2015.