Mstari Ule si Ukuta

Nimeletewa tena video ile. Mto wa buluu na mto wa kijivu ubavu kwa ubavu, milima nyuma ya mji, na mstari baina yao kama umepigwa kwa rula. Safari hii aliyeituma ni kijana wa boti wa Mkwiro, kisiwani Wasini, na swali lake nalijua kabla sijalifungua: “Shikamoo mwalimu. Maji haya yana nini hata hayachanganyiki? Maana hata hapa kwetu masika twauona mstari kama huo.”

Marahaba, mwanangu. Hayana kitu. Yanachanganyika.

Mji wa kwenye video ni Geneva, Uswisi. Mto wa buluu ni Rhône, unaotoka ziwani, na ziwani tope limeshapata nafasi ya kutua. Wa kijivu ni Arve, unaoshuka kutoka barafu za Mont Blanc ukiwa umebeba unga wa mawe. Mmoja una baridi kuliko mwenziwe, mmoja una tope, na kila mmoja una mwendo wake, kwa hiyo hapo mwanzo hutangulizana. Aliyepiga video alisimama juu darajani, akapiga nusu dakika, akaenda zake. Lau angeufuata mto mpaka Lyon, Ufaransa, angekuta Rhône moja tu. Kule Manaus, Brazil, mto mweusi wa Negro na Solimões wenye rangi ya chai ya maziwa hufuatana kwa takriban kilomita 6, halafu hadithi imekwisha. Na kwa nini tufike Brazil? Tsavo na Athi zikikutana kule mbugani hatuziiti tena mito miwili, twauita Galana. Anayekunywa maji ya Galana hamwambii mtu kwamba leo amekunywa ya Tsavo peke yake.

Picha ninayoichukia zaidi ni ile ya Alaska, ambayo wenye kuitembeza husema ni Atlantiki na Pasifiki zikikataana. Aliyewahi kutazama ramani anajua kwamba Atlantiki haifiki Ghuba ya Alaska. Yanayoonekana pale ni maji ya mito ya barafu yenye unga wa mawe yakiingia baharini. Moja ya picha za namna hiyo ilitoka katika safari ya utafiti ya mwaka 2007 aliyokuwamo Ken Bruland, profesa wa sayansi ya bahari wa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Watafiti hao walikuwa wakifuatilia madini ya chuma ambayo mito hiyo huipelekea bahari, na mwenyewe ameeleza kwamba mpaka ule huhama na maji huishia kuchanganyika. Fikiria basi: kama yasingechanganyika, hicho chuma kingefikaje kwa vijimea vya bahari kuu? Picha inayotumiwa kuthibitisha kwamba maji hayachanganyiki ilipigwa na watu waliokwenda kutazama yanavyochanganyika.

Wapo wanaonitajia barzakhi, kile kizuizi baina ya bahari mbili kinachotajwa katika Qurani. Tafsiri nawaachia wenye elimu ya tafsiri, nami sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na video.

Haya, turudi Mkwiro. Kisiwa cha Wasini hakina mto hata mmoja, lakini kimekaa kati ya midomo ya mito miwili: Ramisi unaomwaga ghuba ya Funzi, na Umba unaotoka milima ya Usambara na kumwaga upande wa Vanga. Mvua zikikolea, tope hutoka, na bahari inapopwa huvutwa mpaka mbele yenu. Maji ya mto ni mepesi. Dumu la lita 20 la maji ya bahari lina karibu gramu 700 za chumvi, na ukilipima litazidi dumu la maji ya mvua kwa takriban nusu kilo. Nusu kilo hiyo ndiyo siri yote. Mepesi hupanda juu ya mazito, na ukingoni yanapokutana unaona mstari, povu, majani makavu na ndege wakidonoa dagaa.

Fanyeni nyumbani. Glasi ya maji, vijiko viwili vya chumvi, koroga mpaka iyeyuke. Kisha chai ya rangi iliyopoa, isiyo sukari (sukari nayo huongeza uzito, itawaharibia mambo), imimine polepole juu ya mgongo wa kijiko kilichogusa maji. Chai itakaa juu, nyekundu, na mstari wake safi kabisa. Piga picha umtumie shangazi Dubai. Sasa iache mpaka kesho asubuhi bila kuigusa: mstari utakuwa umefifia, chai imeanza kuteremka. Au usingoje, tia kijiko uzungushe mara moja. Haya, nitenganishie.

Bahari ina vijiko vingi. Ina kusi, ina kaskazi, ina bamvua inayopandisha maji zaidi ya meta 3 na kuyashusha tena mara mbili kwa siku. Asiyeamini aingie Ramisi kwa mtumbwi kiangazi, maji yanapojaa, aonje kwa ncha ya kidole kadiri anavyopanda mto. Chumvi itapungua kidogo kidogo. Hakuna mahali atakapogonga ukuta. Na awe macho, mto ule una mamba.

Mtu aniulize, basi kuna ubaya gani watu wakiamini? Ubaya uko kisimani. Chini ya mawe yetu ya matumbawe, maji ya mvua yaliyozama hukaa juu ya maji ya bahari, kama ile chai. Mzee mmoja upande wa bara alitia pampu kubwa kwenye kisima cha babake, hatua chache kutoka ufuoni, auze maji kwa wajenzi. Nilipomwonya alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba tamu na chumvi zimewekewa mpaka. Hesabu ya wataalamu wa visima ni hii: kila sentimita unayoyashusha maji matamu juu, chumvi ya chini hupanda kuelekea sentimita 40. Shusha 10, umeita chumvi meta 4. Kile kijiko cha glasini ndicho pampu. Siku hizi mke wake huchota maji ya kupikia kwa jirani, na kisima kile kitangoja masika kadhaa, pampu ikiwa imezimwa, kabla ya kupata nafuu.

Wengine mlioniuliza mambo ya maji nawajibu haraka. Kisima cha pwani: ndoo au pampu ndogo, chota kidogo asubuhi na kidogo jioni, usikichimbe zaidi ukidhani chini kuna matamu, na maji yakianza kuwa ya magadi pumzisha siku hiyo hiyo. Jabia (birika la maji ya mvua): safisheni paa na mfereji kabla ya masika, mvua ya kwanza imwageni. Akina mama wa mwani: maji ya mto yakikaa shambani, mwani hulegea na ncha zake huwa nyeupe, kwa hiyo vuneni uliokomaa kabla mvua hazijakolea na mbegu mzisogeze kwenye maji ya kina. Maji ya mstarini si dawa ya kitu chochote, yamebeba vyoo vya kila kijiji mto ulikopita; anayeyauza kwenye chupa mwambieni ayanywe yeye kwanza. Wageni wa kuzamia wapelekeni hifadhi ya bahari ya Kisite maji yanapojaa, tope likiwa limesukumwa nyuma. Na wewe kijana wa boti, mstari ukikatiza mbele yako punguza mashine, kwa sababu mto hauleti tope peke yake, huleta na magogo, nayo hujipanga papo hapo kwenye povu.