Kasi Ndogo ya Mtandao wa Waya: Kompyuta ya Linux Ichunguzwe Kabla ya Kulipia Kifurushi Kikubwa

Kauli ya “mtandao unasumbua” imezoeleka katika madirisha ya huduma, ofisi za shule, zahanati na vibanda vya uwakala. Hatua inayofuata, mara nyingi, ni kumlaumu mtoa huduma ya intaneti au kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Hata hivyo, kasi inayolalamikiwa huweza kuwa imepotea kabla mawasiliano hayajatoka nje ya jengo: kwenye waya wa mita chache unaounganisha kompyuta na swichi, kwenye kichwa cha waya kilichobanwa vibaya, au kwenye mpangilio uliowekwa miaka iliyopita na mtumishi ambaye amekwisha kuhama. Kifurushi kikubwa hakiondoi hitilafu ya aina hiyo. Mwananchi aliyeambiwa arudi kesho hurudi na kukuta hali ni ileile.

Kwa ofisi na kaya zinazotumia kompyuta zenye mfumo endeshi wa Linux, uchunguzi wa awali hauhitaji kununua kifaa chochote. Mfumo huo, ambao msingi wake ulianza kuandikwa na Linus Torvalds nchini Ufini mwaka 1991, huweka kumbukumbu za kina kuhusu kila kiungo cha mtandao, na kumbukumbu hizo husomwa kwa amri fupi zinazoandikwa kwenye terminali.

Kabla ya kuandika amri yoyote, ni vema vipimo vieleweke, kwa kuwa baadhi ya malalamiko huishia hapo. Watoa huduma hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde, ilhali programu nyingi za kupakua mafaili huonesha megabaiti kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8. Mteja mwenye kifurushi cha megabiti 20 anayeona faili likishuka kwa megabaiti 2.4 kwa sekunde anapata karibu kasi yote aliyoilipia, hata kama tarakimu hiyo inaonekana ndogo mbele ya ile iliyo kwenye tangazo.

Swali la kwanza la kiufundi ni hili: kompyuta na swichi zimekubaliana kuzungumza kwa kasi gani? Amri ya “ip link” huorodhesha kadi za mtandao zilizomo katika kompyuta. Kadi ya waya huwa na jina kama enp3s0, eno1 au eth0. Jina likishajulikana, amri ya “sudo ethtool enp3s0” hutoa maelezo yake. Ikiwa programu hiyo haimo, watumiaji wa Ubuntu na Debian huisakinisha kwa “sudo apt install ethtool”. Kati ya mistari mingi itakayojitokeza, miwili ndiyo ya kuangaliwa kwanza: ule unaoanza na Speed, yaani kasi, na ule unaoanza na Duplex, unaoeleza kama pande mbili zinaweza kutuma na kupokea kwa wakati mmoja au kwa zamu. Kwa kadi na swichi nyingi zinazotumika sasa, majibu yanayotarajiwa ni 1000Mb/s na Full.

Jibu likiwa 100Mb/s wakati kadi na swichi zote zina uwezo wa 1000, mtuhumiwa wa kwanza ni waya. Sababu yake imo katika namna viwango hivyo viwili vilivyobuniwa. Kiwango cha megabiti 100 kilichopitishwa mwaka 1995 hutumia jozi mbili tu za nyuzi kati ya jozi nne zilizomo ndani ya waya. Kiwango cha megabiti 1000 kwa waya wa shaba, kilichokamilishwa mwaka 1999, kinazihitaji zote nne. Uzi mmoja ukikatika katika jozi ya bluu au ya kahawia, mapatano ya awali ya kasi bado hufanyika vizuri kwa kuwa hupita katika jozi nyingine. Kadi hujaribu megabiti 1000, hushindwa, kisha kadi nyingi hujishusha zenyewe hadi 100. Taa ya swichi huendelea kuwaka, kurasa hufunguka, na hakuna tangazo lolote linalomfikia mtumiaji. Hitilafu inaweza kukaa hivyo kwa miaka.

Wakati mwingine kiini cha Linux huiandika taarifa hiyo bila kuulizwa. Amri ya “sudo dmesg” ikifuatwa na kutafuta neno Link huonesha kila mara kiungo kilipowaka na kuzimika, pamoja na kasi iliyopatikana. Kiungo kinachozimika na kuwaka mara kadhaa kwa siku moja, bila mtu kugusa chochote, kina tatizo la waya, la tundu la ukutani au la swichi, na hakuna mpangilio wa programu utakaokiponya.

Je, tofauti kati ya 1000 na 100 ina uzito? Jibu linategemea kazi. Kwa kaya yenye kifurushi cha megabiti 20, kiungo cha 100 hakipunguzi chochote katika kutazama tovuti au kujaza fomu ya Serikali mtandaoni, na kubadilisha waya kwa ajili hiyo pekee ni gharama isiyo na tija. Katika ofisi yenye seva yake ya ndani hali ni tofauti kabisa. Nakala ya akiba ya gigabaiti 50 hupita katika kiungo kizima cha megabiti 1000 kwa dakika 7 hivi, endapo diski zinamudu. Kwa megabiti 100 huchukua saa 1 na dakika 11. Kiungo kikishuka hadi megabiti 10, jambo ambalo hutokea, kazi hiyohiyo huchukua karibu saa 12, na nakala iliyoanza saa 4 usiku huwa bado inaendelea watumishi wanapowasha kompyuta asubuhi. Maabara ya shule ambayo kompyuta zake zote huchota masomo kutoka seva moja hukumbwa na adha hiyohiyo.

Waya wenyewe unastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyofanyika kwa kawaida. Waya wa daraja la Cat5e ulioungwa vizuri unamudu megabiti 1000 kwa umbali wa hadi mita 100, hivyo umri pekee hauufanyi kuwa mbovu. Zipo nyaya za bei nafuu ambazo nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Hizo hazikidhi viwango vya nyaya za mtandao, hukatika kwa urahisi zinapokunjwa, na hupoteza nguvu ya mawimbi zaidi ya shaba halisi. Ofisi inayonunua waya kwa boksi inapaswa kuikagua sifa hiyo kwenye maandishi ya boksi na ya waya wenyewe kabla ya kupokea mzigo.

Kasoro inayowasumbua hata mafundi wazoefu ni ya jozi zilizogawanyika. Fundi asiyefuata mpangilio rasmi wa rangi anaweza kuzipanga nyuzi zake kwa mfuatano anaoona ni nadhifu: jozi ya kwanza kwenye pini ya 1 na 2, ya pili kwenye 3 na 4, ya tatu kwenye 5 na 6, ya nne kwenye 7 na 8, na akafanya hivyo pande zote mbili. Kipimaji cha taa nane kitawaka sawasawa kutoka 1 hadi 8, naye ataondoka akiamini kazi imekamilika. Lakini viwango vinataka pini ya 3 na ya 6 ziwe za jozi moja iliyosokotwa pamoja, kwa kuwa msokoto huo ndio unaozuia mawimbi ya jozi moja kuingilia ya nyingine. Waya uliopangwa kwa mfuatano huo hupitisha umeme vizuri na kuharibu data. Mpangilio unaotumika sana, unaojulikana kama T568B, ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia na kahawia. Msokoto nao haupaswi kufumuliwa zaidi ya milimita 13 kutoka kwenye kichwa.

Njia ya haraka ya kuthibitisha ni kuazima waya unaojulikana kuwa mzima, kuunganisha kompyuta moja kwa moja na swichi, na kurudia amri ya ethtool. Kasi ikipanda, waya wa awali ndio wenye kasoro. Isipopanda, tundu jingine la swichi lijaribiwe kabla ya kuilaumu kadi.

Hitilafu ya pili kwa madhara, ingawa si ya kawaida kama zamani, ni kutofautiana kwa pande mbili kuhusu namna ya kutuma. Chanzo chake ni nia njema: mtu aliyetaka uthabiti aliilazimisha swichi ifanye kazi kwa megabiti 100 na pande mbili kwa wakati mmoja, huku kompyuta ikiachwa itafute mapatano yenyewe. Swichi iliyolazimishwa huweza kuacha kabisa kujadiliana. Kompyuta, ikikosa wa kujadiliana naye, huweza kutambua kasi ya 100 lakini haiwezi kutambua namna ya kutuma, na kanuni inaitaka ichague kutuma kwa zamu. Kuanzia hapo upande mmoja hutuma wakati wowote, na mwingine huhesabu kila tukio hilo kuwa mgongano. Dalili zake huwapotosha wengi, kwa sababu amri ya ping hujibu vizuri na barua pepe fupi hupita, lakini faili kubwa hutambaa kama konokono.

Mstari wa ethtool unaosomeka Half ni ushahidi unaotosha kuanza uchunguzi. Ushahidi wa ziada hupatikana kwa “ip -s link show enp3s0”, inayoonesha idadi ya pakiti zilizopokewa na kutumwa, zenye makosa, zilizotupwa na zilizogongana. Makosa machache kati ya mamilioni ya pakiti si hoja. Idadi inayoongezeka kila amri inaporudiwa, wakati faili kubwa likinakiliwa, ni hoja. Tiba ni kurejesha mapatano pande zote mbili. Kwa upande wa kompyuta, amri ni “sudo ethtool -s enp3s0 autoneg on”. Badiliko hilo hupotea kompyuta inapozimwa, hivyo chanzo chake katika NetworkManager au netplan lazima kirekebishwe pia. Kujaribu kuilazimisha kadi iende 1000 bila mapatano hakusaidii, kwani kwa waya wa shaba mapatano ni sehemu ya lazima ya kiwango hicho.

Iwapo ethtool inaonesha 1000Mb/s na Full, na makosa hayaongezeki, hatua inayofuata ni kupima kasi halisi ndani ya jengo bila kuhusisha intaneti. Programu huria ya iperf3 husakinishwa kwenye kompyuta mbili. Moja huandikiwa “iperf3 -s” ili isubiri, na nyingine “iperf3 -c” ikifuatiwa na anwani ya ile ya kwanza. Kiungo kizima cha 1000 hutoa takriban megabiti 940 kwa sekunde, na cha 100 hutoa takriban 94. Kilichobaki hutumika kwenye vichwa vya pakiti. Kipimo kirudiwe kwa kuongeza “-R”, ambayo hugeuza mwelekeo. Matokeo mazuri upande mmoja na mabaya upande mwingine hurudisha uchunguzi kwenye waya au kwenye mapatano.

Zipo sababu nyingine zinazotajwa hapa kwa ufupi. Kifaa cha kuongeza mtandao kupitia USB, hata kikiandikwa gigabiti, hakiwezi kuvuka uwezo wa tundu la USB 2.0, ambalo ni megabiti 480 kwa nadharia na pungufu ya hapo kwa vitendo. Baadhi ya kadi hufanya vizuri zaidi baada ya kuzimiwa hali ya kuokoa umeme kwa “sudo ethtool --set-eee enp3s0 eee off”, au baada ya kiini cha Linux kusasishwa pamoja na kiendeshi cha kadi. Kompyuta iliyounganishwa na Wi-Fi pamoja na waya inaweza kuwa inapitisha mawasiliano yake hewani; “ip route” huonesha njia inayopewa kipaumbele. Na ukurasa unaochelewa sekunde kadhaa kabla ya kuanza kufunguka, kisha ukafunguka wote kwa mara moja, kwa kawaida unasubiri seva ya majina ya tovuti, na si kasi ya waya.

Baada ya hayo yote, endapo mtandao wa ndani uko sawa na intaneti bado ni ya kusuasua, mteja ana hoja mbele ya mtoa huduma wake. Kipimo cha kasi ya intaneti kinapaswa kufanywa kompyuta ikiwa imeunganishwa kwa waya moja kwa moja na ruta ya mtoa huduma, vifaa vingine vikiwa vimeondolewa, na kurudiwa asubuhi, mchana na usiku kwa siku kadhaa huku tarehe, saa na matokeo vikiandikwa. Orodha hiyo, pamoja na matokeo ya ethtool yanayoonesha kuwa kiungo cha mteja hakina kasoro, humzuia mhudumu kuanza upya na maagizo ya kuzima na kuwasha ruta. Kwa Tanzania, lalamiko huwasilishwa kwanza kwa mtoa huduma mwenyewe. Mteja asiporidhika na majibu, hulifikisha katika Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) akiambatisha vielelezo hivyohivyo.