Athari kwa Nani? Usimamizi wa Tafiti za Wanafunzi kuhusu Teknolojia na Jamii Mkoani Mara



Kila mwaka wa masomo huniletea wanafunzi wawili watatu ambao mada zao zinafanana kama mapacha: "Athari za Sayansi na Teknolojia kwa Jamii" ya mahali fulani. Mahali hubadilika, maneno mengine hubaki yale yale. Kwa miaka mingi niliziidhinisha mada hizo bila kusita, nikihangaika na sampuli, nadharia na mpangilio wa marejeleo. Leo nakusudia kueleza kwa nini siku hizi naanza usimamizi kwa kulihoji neno la kwanza la anwani hizo, na jinsi kosa langu mwenyewe lilivyonifikisha hapo.

Mwaka 2021 nilimsimamia mwanafunzi wa shahada ya umahiri aliyekwenda kukusanya data katika mialo ya Musoma. Alitaka kuchunguza jinsi taa za umeme wa jua zilivyobadili uvuvi wa dagaa. Mada ilikuwa nzuri. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga. Mbalamwezi ikitanda wavuvi hupumzika, maana taa haiwezi kushindana na mwezi. Kwa miongo mingi taa hiyo ilikuwa karabai, ambayo sharti ijazwe mafuta ya taa na kupigwa pampu. Taa za betri na za jua zilipoingia, gharama ya mafuta ilipungua, na pamoja nayo zikabadilika kazi na mapato ya watu wengi wa nchi kavu ambao hawajawahi kushika kasia. Hao ndio aliotaka kuwasikia. Swali la kwanza la hojaji yake lilisema: "Je, teknolojia imekuathiri vipi?" Nililisoma, nikaidhinisha.

Alirejea na hojaji zilizojazwa vizuri na zisizo na faida. Wengi walijibu kwamba hawajaathirika, wanamshukuru Mungu. Wachache walilalamikia simu na watoto wasiolala. Taa haikutajwa. Mama mmoja mwanika dagaa alimjibu kwa huruma: "Mwanangu, sisi huku hatujaathirika. Walioathirika ni wale ambao maji yaliwafuata majumbani." Alikuwa akizungumzia mwaka 2020, ziwa lilipofurika na kumeza fukwe.

Mama huyo alikijua Kiswahili kuliko sisi wawili. Neno athari tulilipata kutoka Kiarabu, lenye maana ya alama au nyayo, na katika maandishi ya kitaaluma tunalitumia kana kwamba halielemei upande wowote. Lakini tazameni uzao wake. Mwathirika ni nani? Ni mtu aliyepatwa na mafuriko, ukame au maradhi. Wakati wa kampeni dhidi ya UKIMWI neno waathirika lilienea mno hata likawa kama jina la kundi la watu, nao wenyewe wakalikataa. Ndipo ikashika istilahi ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, WAVIU. Kumwuliza mtu wa mwaloni ameathirika vipi ni kumwuliza ni balaa gani lililompata. Asiye na balaa hujibu hana. Vivyo hivyo, teknolojia masikioni mwa wengi ni kompyuta na simu. Karabai, plau na mashine ya kusaga ni vyombo tu. Hojaji yetu iliuliza juu ya kitu ambacho mhojiwa hakuwa nacho, na madhara ambayo hakuyapata.

Niseme pia kwamba hofu ilichangia. Operesheni Sangara ya mwaka 2018 iliacha kumbukumbu nzito ziwani. Makokoro na nyavu nyingine zisizoruhusiwa zilikamatwa na kuchomwa moto. Sina nia ya kutetea kokoro, kwani linakomba hata samaki wachanga. Lakini kijana anayefika na karatasi yenye nembo, akauliza "Unatumia zana gani za uvuvi?", anamtaka mtu akiri kosa la jinai na kuweka saini chini yake. Hapo barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, ambayo mtafiti huionyesha kwa fahari, huzidisha mashaka. Tuliyafuta majina yote katika daftari, tukaliondoa swali la nyavu.

Mwanafunzi alirudi mwaloni bila hojaji. Aliamkia, akakaa kwenye vichanja, akauliza kwa jina la kitu: "Mama, wakati wa karabai, mafuta yalikuwa yanatoka wapi?" Yule mama aliyesema hajaathirika alicheka, kisha akasimulia kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwauzia wavuvi mafuta ya taa kila jioni, na biashara hiyo ndiyo iliyomlipia ada mtoto wa kwanza. Taa za jua zilipozoeleka, wateja waliisha mmoja mmoja. Akahamia kuanika dagaa. Katika hojaji yetu ya kwanza alikuwa amehesabiwa miongoni mwa wasioguswa na teknolojia.

Tangu hapo nawaagiza wanafunzi wasikilize pia vitenzi. Mwingine alifanya utafiti Butiama juu ya mbegu za muhogo zilizosambazwa ili kukabili batobato na michirizi kahawia. Alinipigia simu akilalamika: "Profesa, wazee hawatoi maoni." Nilipoisikiliza kanda nilikuta maoni tele, ila yalikuwa yamejificha katika sarufi. Juu ya mbegu walisema tuliletewa, tuliambiwa, tulipewa. Juu ya plau la ng'ombe walisema tulinunua, tukajifunza. Kauli ya kutendewa humweka mpokeaji mbele na kumfuta mtenda. Anayesema tuliletewa hakuulizwa kabla. Aidha, mojawapo ya mbegu za Kanda ya Ziwa iliitwa Mkombozi, jina ambalo limeshatoa hukumu kabla mkulima hajavuna. Hapo pia tulijifunza kumwacha mzee ajibu kwa Kizanaki anapotaka, kisha tafsiri ifanywe pamoja naye, si nyuma yake.

Kuhusu Bunda nitagusia jambo moja tu. Mwanafunzi aliyechunguza huduma za fedha kwa simu alitaka kuzungumzia "ujumuishi wa kifedha". Nilimshauri aanze na maneno yanayosikika kwa kila wakala: tuma na ya kutolea. Nomino pesa imedondoshwa, kauli ya kutendea imebaki, na ndani yake mna adabu mpya kati ya ndugu: anayetuma bila ya kutolea huonekana hakutuma kwa moyo.

Kuteua neno ni kuchukua msimamo. Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama aliyezikwa hapo mwaka 1999, alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venisi hakumwita mfanyabiashara. Mwaka 1969 kitabu kilitoka kwa jina Mabepari wa Venisi. Yeye alijua alichokuwa akifanya. Mwanafunzi anayeandika athari mara nyingi hajui, na msimamizi anayetia saini bila kuuliza ana lawama kubwa zaidi.

Ziwa lenyewe lina mfano mkali zaidi. Sangara, aliyepandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, alileta viwanda vya minofu, na viwanda vikazalisha kitu kilichohitaji jina: mapanki, yaani mifupa na vichwa vinavyobaki minofu ikishaondolewa. Upande wa Kenya wakasema mgongo wazi. Mwaka 2006 taifa zima lilibishana, kufuatia filamu ya mwaka 2004 ambayo Rais Kikwete aliilaumu hadharani, iwapo mapanki ni chakula cha watu au taka. Neno la mwaloni lilikuwa limefika Ikulu kabla mtafiti yeyote wa lugha, mimi nikiwemo, hajaliandika katika daftari lake.

Tasnifu ya yule wa kwanza ilibadilishwa anwani. Neno athari halimo. Kabla ya kuijalidi nilimtuma arudi Musoma akamsomee yule mama kurasa zinazomhusu. Alizikubali zote isipokuwa mstari mmoja. Tulikuwa tumeandika kwamba aliuza mafuta kwa kibaba. Akasema kibaba ni cha unga; yeye alipimia chupa ya soda. Tukasahihisha.