KUBADILI PROSESA YA KOMPYUTA YA ZAMANI: HESABU KWANZA, KUNUNUA BAADAYE

Baadhi ya vituo vyetu vya vijana vimekuwa vikipokea kompyuta zilizotumika kutoka kwa marafiki wa sharika zetu walioko ng'ambo. Miongoni mwake zimo kompyuta ambazo wenyewe walizinunua kwa ajili ya michezo. Hizi zina thamani kuliko zinavyoonekana, kwa sababu huwa na kadi ya picha yenye nguvu. Mchana zinafaa kufundishia uchoraji wa ramani za majengo na kuhariri video za kwaya. Jioni vijana huchezea mpira wa kompyuta, na wanaokuja kwa ajili ya mpira wengi hubaki kwa ajili ya masomo.

Hata hivyo, kompyuta hizi zimezeeka. Michezo inakwamakwama, na video ya dakika tano inachukua muda mrefu kukamilika. Hapo ndipo kamati za vituo huuliza: "Tununue prosesa ipi ya bei nafuu?" Makala hii inaeleza namna ya kujibu swali hilo bila kupoteza fedha za washarika.

Prosesa ni nini, na inafanya nini katika mchezo?

Prosesa ndiyo inayofanya hesabu zote za kompyuta. Katika mchezo wa mpira, prosesa huamua kila mchezaji anakimbilia wapi na mpira unadunda vipi. Kadi ya picha huchora kile tunachokiona kwenye skrini. Kila picha inahitaji kazi ya wote wawili. Mmoja akichelewa, mwenzake husubiri.

Ndani ya prosesa kuna viini. Kiini kimoja ni kama kibarua mmoja shambani. Prosesa nyingi za mwaka 2011 hadi 2017 zina viini 4. Baadhi zimetengenezwa ili kila kiini kishughulikie mikondo miwili ya kazi kwa wakati mmoja, hivyo tunasema ina viini 4 na nyuzi 8. Uzi wa pili si sawa na kibarua wa pili kamili, lakini husaidia pale kazi zinapokuwa nyingi. Michezo mingi ya sasa hupenda viini 6.

Aidha, idadi ya viini na kasi ya gigahetsi peke yake havitoshi kulinganisha. Kiini cha mwaka 2022 hufanya kazi nyingi zaidi kuliko kiini cha mwaka 2012 kwa kasi ile ile, kama vile trekta jipya na la zamani yanavyoweza kwenda mwendo mmoja lakini jipya likavuta jembe pana zaidi.

Hakikisha kwanza kwamba kosa ni la prosesa

Mara nyingi prosesa hulaumiwa bure. Fanya uchunguzi huu kabla ya kutoa hata shilingi moja:

a) Angalia diski na kumbukumbu. Kompyuta yenye diski ya kuzunguka badala ya SSD, au yenye RAM ya gigabaiti 4, itakuwa nzito hata ukiiwekea prosesa gani. SSD na RAM ya gigabaiti 8 hadi 16 ndivyo vitangulie. RAM iwe vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja, kwa kuwa prosesa huvisoma viwili kwa pamoja.

b) Fungua mchezo unaosumbua, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja na utazame mistari ya CPU na GPU. CPU ni prosesa, GPU ni kadi ya picha. Kama GPU iko karibu asilimia 100 muda wote, kadi ya picha ndiyo iliyozidiwa na prosesa mpya haitasaidia. Kama CPU imefika juu kabisa huku GPU ikiwa kwenye asilimia 50 au 60, basi prosesa ndiyo inayochelewesha.

c) Punguza ukubwa wa picha ya mchezo kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Hii hupunguza kazi ya kadi ya picha, lakini haipunguzi sana kazi ya prosesa. Mchezo ukiwa mwepesi, tatizo lilikuwa kadi. Ukibaki vile vile, tatizo ni prosesa.

d) Safisha vumbi. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Katika vituo vyetu vyenye vumbi, brashi laini na dawa mpya ya kupitisha joto vimewahi kurudisha uhai wa kompyuta iliyokuwa inasubiri kununuliwa prosesa.

Ubao mama ndio unaoamua

Hili ndilo jambo kubwa katika makala hii. Prosesa haichaguliwi kwa fedha uliyonayo wala kwa sifa za dukani. Inachaguliwa na ubao mama, yaani ile bodi kuu ambayo prosesa hukaa juu yake. Kila bodi ina soketi yake, na programu yake ya kuwashia iitwayo BIOS, ambayo huzitambua prosesa fulani tu.

Kituo kimoja kilitumia sehemu ya sadaka ya mavuno kununua prosesa ya Intel ya kizazi cha 9 kwa ajili ya kompyuta iliyokuwa na ya kizazi cha 6. Iliingia kwenye soketi vizuri kabisa, lakini kompyuta haikuwaka. Prosesa ilikuwa nzima na bodi ilikuwa nzima. Sababu ni kwamba Intel ilitumia soketi yenye umbo moja, LGA1151, kwa vizazi vya 6 na 7, kisha ikaitumia tena kwa vizazi vya 8 na 9 huku ikibadilisha mpangilio wa umeme na bodi zake. Kwa hiyo kuingia si kukubali.

Ili kujua bodi yako, tumia programu ya bure iitwayo CPU-Z, au soma jina lililochapwa kwenye bodi yenyewe. Kisha tafuta katika tovuti ya mtengenezaji wa bodi orodha ya prosesa zinazokubaliwa, pamoja na toleo la BIOS linalohitajika kwa kila moja. Prosesa isiyokuwamo katika orodha hiyo isinunuliwe.

Aina za kompyuta tunazokutana nazo, na ushauri wetu

1. *Intel za kizazi cha 2 na 3 (mwaka 2011 na 2012, soketi LGA1155).* Nyingi huja na Core i5 yenye viini 4 na nyuzi 4. Mwisho wa njia ni Core i7-3770, yenye viini 4 na nyuzi 8. Xeon E3-1230 v2, iliyotengenezwa kwa ajili ya seva, inakaribiana nayo na hukubaliwa na bodi nyingi. Lakini haina sehemu ya picha ndani yake, hivyo bila kadi ya picha skrini haitaonyesha kitu. Bodi za mwanzo, kama zile za H61, huhitaji BIOS mpya ili kupokea kizazi cha 3.

2. *Intel za kizazi cha 4 (mwaka 2013 na 2014, soketi LGA1150).* Hapa mwisho wa njia ni jamii ya Core i7-4770 na 4790, au Xeon E3-1231 v3.

3. *Intel za kizazi cha 6 na 7 (kuanzia mwaka 2015, LGA1151 ya kwanza).* Chaguo ni Core i7-6700 au 7700. Tahadhari: Xeon E3 zenye alama ya v5 hazikubali bodi za kawaida, ingawa soketi ni ile ile.

4. *AMD FX (soketi AM3+).* FX-8350 ya mwaka 2012 imepangiwa wati 125, na kwa michezo ya sasa viini vyake ni dhaifu. Hatushauri kuweka fedha hapa.

5. *AMD Ryzen za mwanzo (kuanzia mwaka 2017, soketi AM4).* Hii ndiyo kompyuta yenye bahati. AMD ilidumu na soketi hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 2022 ikaruhusu hata bodi za kwanza za A320, B350 na X370 zipokee prosesa za Ryzen 5000 kwa kubadilisha BIOS, mradi mtengenezaji wa bodi ametoa toleo hilo. Kompyuta iliyokuja na Ryzen 3 1200, yenye viini 4 na nyuzi 4, inaweza kupata Ryzen 5 5600 yenye viini 6 na nyuzi 12, na zote mbili zimepangiwa wati 65 zile zile.

Katika kundi hili la tano watu huuliza tofauti ya Ryzen 5 5500 na 5600. Zote zina viini 6. Tofauti kubwa ni ghala dogo la ndani ambamo prosesa huweka data inayoihitaji mara kwa mara: 5500 ina megabaiti 16, 5600 ina megabaiti 32. Michezo hunufaika sana na ghala hilo. Kama bei zinakaribiana, chukua 5600. Kama kadi yako ya picha ni ya zamani na ya daraja la kati, 5500 inatosha. Zote mbili hazina sehemu ya picha. 5600G inayo, nayo hufaa mahali ambapo kadi ikiharibika hakuna ya akiba.

Swali la Windows

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 kwa kawaida hutaka Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen ya mfululizo wa 2000 na kuendelea, pamoja na kinga iitwayo TPM 2.0. Maana yake ni kwamba makundi manne ya kwanza hayawezi kufikia sifa hizo kwa kubadili prosesa peke yake. Kompyuta hizo zinaweza kuendelea na Linux, ambayo inatosha kwa masomo na kwa michezo mingi, ingawa baadhi ya michezo ya mashindano ya mtandaoni hukataa. Kundi la tano ni tofauti: prosesa mpya huipa kompyuta sifa ya Windows 11, na TPM huwashwa ndani ya BIOS.

Hesabu ya umeme

Gharama haiishii dukani. Tuchukue kituo chenye kompyuta 10 zinazofanya kazi kwa nguvu zote saa 6 kwa siku. Kama prosesa moja inakula wati 60 zaidi ya nyingine, tofauti ni wati 600, yaani uniti 3.6 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi ni karibu uniti 94. Kwa kituo kinachotumia sola, tofauti hiyo ni paneli na betri za ziada. Prosesa ya bei ya chini inayokula umeme mwingi inaweza kuwa ndiyo ya gharama kubwa. Rahisi ghali.

Wakati wa kununua na kufunga

- Nunua kwa muuzaji anayekubali kuijaribu mbele yako, na anayeandika risiti yenye jina kamili la prosesa na muda wa kurudisha.
- Prosesa za AM4 zina pini chini yake. Zikague moja moja. Za Intel tulizozitaja hazina pini, kwani pini zake ziko kwenye soketi ya bodi. Hizo nazo zisiguswe kwa vidole.
- Badilisha BIOS *kabla* ya kung'oa prosesa ya zamani, kwa sababu bila BIOS mpya kompyuta haitaitambua ile mpya. Fanya hivyo kompyuta ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza kufa.
- Kabla ya kufungua kipoza joto cha AM4, washa kompyuta dakika kumi ili dawa ya zamani ilainike, kisha izime, ondoa waya wa umeme, na ukizungushe taratibu. Ukikivuta kwa nguvu, prosesa inaweza kung'oka nacho na pini zikapinda.
- Dawa mpya ya kupitisha joto, kiasi cha punje ya kunde, inatosha.
- Baada ya kufunga, endesha kazi nzito kwa saa moja na uangalie joto kabla ya kumlipa fundi.

Wakati wa kusema hapana

Kanuni tunayoshauri ni hii: kama prosesa, kipoza joto na malipo ya fundi vinazidi nusu ya bei ya kompyuta nyingine iliyotumika ya kizazi kipya zaidi, usinunue. Kwa makundi matatu ya kwanza, prosesa iliyotumika ya bei ndogo inaweza kuongeza miaka michache ya huduma, na hilo ni jema. Lakini isiwe mpya wala ya bei kubwa, maana hatua inayofuata baada yake haipo. Kwa kundi la nne, elekeza fedha kwenye SSD na RAM, au anza kuweka akiba. Kwa kundi la tano, badilisha bila wasiwasi.

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Bwana Yesu anatoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, ambaye inampasa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Fedha za vituo vyetu zimetokana na sadaka za watu ambao wengi wao hawajawahi kugusa kompyuta, lakini wanataka watoto wao wazijue. Kamati isiende dukani kabla ya kuandika mambo manne kwenye karatasi moja: jina la bodi, prosesa iliyopo, prosesa iliyothibitishwa na orodha ya mtengenezaji, na matokeo ya uchunguzi wa CPU na GPU. Karatasi hiyo iambatanishwe na ombi la fedha linapoletwa Ofisi ya Miradi.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.