Imani ya Kurithi Haitoshi
Mwacha asili ni mtumwa, husema wahenga. Je, anayeifuata bila kuijua?

Kijana huingia Chuo Kikuu cha Kisii akiwa na kozi na dhehebu, vyote amepewa: kozi kwa alama za mtihani, dhehebu kwa kuzaliwa. Wakatoliki walianza Nyabururu mwaka 1911, Waadventista wakafika Nyanchwa mwaka 1912. Tangu hapo familia nyingi za Kisii na Nyamira zimerithishana kanisa kama shamba.

Urithi si kosa. Hata jina Nyasae, ambalo Wagusii humwita Mungu, lilitoka kwa majirani zao Wajaluo. Hapo kale waliomba kwa jina Engoro. Neno lilikopwa, likatumiwa kwa dhati, likawa lao. Imani nayo huwa ya mtu akiihoji na kuitenda.

Nikiwauliza wanafunzi wangu shabaha yao maishani, wengi hujibu kwa Kiingereza: kazi nzuri. Nikiwaomba waseme kwa Kigusii, hunyamaza kwanza, kisha humtaja mama achumaye chai, karo inayodaiwa, wadogo wanaosubiri. Hapo ndipo mazungumzo huanza.

Kijana, jihoji kwa lugha usiyoweza kujidanganya kwayo. Asiyejiuliza huishi kwa jibu la mwingine.