Kitenzi cha Kiitaliano na Miisho Yake: Maelezo kwa Msemaji wa Kiswahili

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kitenzi cha kawaida cha Kiitaliano kinavyobadilika kufuatana na nafsi, njeo na dhamira. Kitenzi tulichokichagua ni cantare, yaani 'kuimba'. Vitenzi vya Kiitaliano vimegawanyika katika makundi matatu, kwa kufuata miisho ya -are, -ere na -ire. Cantare ni cha kundi la kwanza, ambalo ndilo kubwa kuliko yote.

Yamkini msomaji atauliza: jarida la lugha za Kiafrika lina haja gani na Kiitaliano? Jibu letu ni kwamba lugha ya mgeni ni kioo. Mtu hutambua umbo la uso wake anapoutazama nje ya nafsi yake, na vivyo hivyo msemaji wa Kiswahili hutambua ufundi wa kitenzi chake anapokilinganisha na cha wengine.

Ni vyema kwanza tutenganishe istilahi mbili. Njeo hutueleza tendo linatukia lini. Dhamira hutueleza msemaji analichukuliaje tendo hilo: je, analitaarifu kuwa ni kweli, analitaka, analiwekea sharti, au analiamuru? Mwandishi wa makala haya alipokuwa akisomea shahada ya pili ng'ambo, alijifunza Kiitaliano kwa kukariri majedwali, akaweza kuyasoma kwa ghibu. Hata hivyo, insha yake ya kwanza ilirudi imejaa wino mwekundu. Njeo zote zilikuwa sahihi. Dhamira ndizo zilizokosewa. Kosa hilo halikutokana na uvivu, bali na kuamini kwamba jedwali la kitenzi ni orodha ya nyakati tu. Aliporejea nyumbani kufundisha Kiswahili, alikuta wanafunzi wakiliita neno aimbe 'wakati ujao', na akatanabahi kwamba kosa ni lile lile.

2. Kichwa na mkia

Tuanze na neno ninaimba. Ndani yake mna sehemu nne, na kila sehemu ina kazi yake: ni- ni nafsi, -na- ni njeo, -imb- ni mzizi, na -a ni kiishio. Waitaliano husema canto. Mzizi ni cant-, na irabu moja tu, -o, ndiyo inayobeba mzigo wote uliobaki: nafsi ya kwanza, umoja, wakati uliopo na dhamira ya taarifa. Hatuwezi kuipasua irabu hiyo tukasema hapa ndipo penye nafsi na pale ndipo penye njeo.

Hivyo Kiswahili hulipamba neno kichwani, na Kiitaliano hulipamba mkiani. Lugha zote mbili aghalabu huacha viwakilishi vya nafsi, maadamu kitenzi chenyewe kimekwisha mtaja mtenda.

3. Dhamira ya taarifa

Katika dhamira hii mna njeo nane, nne sahili na nne ambatani. Zile sahili, tukitumia nafsi ya kwanza umoja, ni canto 'ninaimba', cantavo 'nilikuwa nikiimba', cantai 'niliimba', na canterò 'nitaimba'. Zile ambatani huundwa kwa kitenzi avere 'kuwa na' pamoja na cantato: ho cantato 'nimeimba', avevo cantato 'nilikuwa nimeimba', ebbi cantato, ambayo siku hizi huonekana zaidi katika maandishi, na avrò cantato 'nitakuwa nimeimba'.

Tafsiri hizi zisichukuliwe kuwa mizani kamili. Kaskazini mwa Italia watu katika mazungumzo husema ho cantato hata kwa tendo la zamani sana, ilhali kusini, kwa mfano Sicilia, cantai ingali hai midomoni. Anayedhani kwamba -me- ni ho cantato na -li- ni cantai kila mahali atapotoka.

Asili ya wakati ujao inastahili kuangaliwa. Canterò imetokana na Kilatini cantare habeo, maneno mawili yenye maana ya 'nina la kuimba'. Kadiri karne zilivyopita, kitenzi cha 'kuwa na' kilimezwa na mkia wa mwenziwe. Nasi wasemaji wa Kiswahili tunayo habari kama hiyo: wanaisimu wengi wanakubali kwamba -ta- ya nitaimba ni masalio ya kitenzi taka. Lugha mbili zisizo na nasaba zilichukua kitenzi kamili, zikakikatakata hata kikawa kiambishi. Moja ilikitia mkiani, nyingine ikakitia kati ya nafsi na mzizi.

Matamshi nayo yana hila. Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, wala hatuutumii kubadili njeo. Katika Kiitaliano, canto ni 'ninaimba', lakini cantò, kwa mkazo wa mwisho, ni 'aliimba'. Aidha, cantano 'wanaimba' hutiwa mkazo katika silabi ya kwanza. Mwanafunzi wetu, kwa mazoea ya lugha yake, husema cantáno na kumshangaza msikilizaji. Zaidi ya hayo, canteremo ni 'tutaimba', na canteremmo ni 'tungeimba'. Tofauti ya ahadi na sharti imo katika urefu wa sauti m peke yake.

4. Dhamira ya matilaba

Hapa ndipo palipo kiini cha maelezo yetu. Tulinganishe taarifa na matilaba katika wakati uliopo, kwanza Kiitaliano, kisha Kiswahili:

io: canto, canti, ninaimba, niimbe
tu: canti, canti, unaimba, uimbe
lui, lei: canta, canti, anaimba, aimbe
noi: cantiamo, cantiamo, tunaimba, tuimbe
voi: cantate, cantiate, mnaimba, mwimbe
loro: cantano, cantino; wanaimba, waimbe

Msomaji ataona mara moja kwamba lugha zote mbili zimebadili irabu ya mwisho. Canta imekuwa canti, na anaimba imekuwa aimbe. So che Anna canta ni 'Najua kwamba Anna anaimba'. Voglio che Anna canti ni 'Nataka Anna aimbe'. Katika sentensi ya kwanza msemaji anathibitisha jambo. Katika ya pili anatamani tu, na kuimba kwenyewe hakujatukia wala huenda kusitukie. Basi msemaji wa Kiswahili anapoingia darasa la Kiitaliano haingii mikono mitupu: irabu inayogeuza dhamira anaijua tangu utotoni. Katika makundi mengine mawili Waitaliano huigeuza irabu kinyume: vende 'anauza' huwa venda 'auze', na dorme 'analala' huwa dorma 'alale'.

Lakini kuna tofauti mbili. Ya kwanza ni kwamba canti ni moja kwa nafsi tatu za umoja, na tena ni sawa na 'unaimba' ya taarifa. Kwa hiyo Mwitaliano hulazimika mara nyingi kurejesha viwakilishi: che io canti, che tu canti, che lui canti. Kiswahili hakina tatizo hilo, kwa sababu nafsi ina kiti chake na dhamira ina chake. Ya pili ni ya maana. Kiitaliano sanifu hutumia matilaba hata kwa dhana: Penso che Anna canti. Sisi husema 'Nadhani Anna anaimba', wala hatusemi 'Nadhani Anna aimbe'. Mwitaliano anapodhani tu, hapendi kulitia jambo katika umbo la yakini. Ingawa katika mazungumzo ya kila siku wako wengi wanaosema canta mahali hapo. Hili ndilo kosa lililoijaza insha ya mwandishi wino.

Matilaba ina njeo nyingine tatu: cantassi, abbia cantato na avessi cantato.

5. Dhamira ya masharti

Tuchukue sentensi 'Kama ningeimba, wangecheza'. Kiswahili kimetia -nge- pande zote mbili, na sentensi imekaa sawa kama mizani. Kiitaliano husema Se cantassi, ballerebbero. Upande wa sharti umechukua matilaba ya wakati uliopita, na upande wa tokeo ndio uliochukua dhamira ya masharti, ambayo kwa cantare ni canterei, canteresti, canterebbe, canteremmo, cantereste, canterebbero. Kwa jambo lililokwisha pita, 'Kama ningaliimba, wangalicheza' ni Se avessi cantato, avrebbero ballato.

Mwanafunzi wetu, kwa kufuata mizani ya Kiswahili, husema Se canterei. Asivunjike moyo, hata watoto wa Kiitaliano hukosolewa shuleni kwa kosa hilo hilo.

6. Amri na adabu

Amri kwa mmoja ni canta 'imba', na kwa wengi cantate 'imbeni'. Kukanya ni non cantare kwa mmoja, yaani kitenzi-jina chenyewe, ambapo sisi husema usiimbe kwa matilaba. Kwa mtu wa kuheshimiwa, Mwitaliano huikimbia amri na kusema canti, umbo la matilaba la nafsi ya tatu, kana kwamba anayeambiwa hayupo. Nasi pia tunajua kwamba 'Mama, uimbe' ni laini kuliko 'imba'. Lugha zote mbili zimeona kwamba kutaka kuna adabu zaidi ya kuamuru.

Yabakiayo ni maumbo yasiyo na nafsi: cantare, cantando, iliyo karibu na -ki- yetu, kama Lavora cantando 'Anafanya kazi akiimba', cantato, na cantante, ambayo leo ni jina lenye maana ya 'mwimbaji'.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba jedwali la kitenzi si orodha ya nyakati. Ni ramani ya mahusiano kati ya msemaji na neno lake. Tumeona pia kwamba ramani ya Kiitaliano haiwezi kuwa ramani ya Kiswahili. Tukiyajaza maneno yetu katika visanduku vya Kilatini na watoto wake, -ka- ya masimulizi na hu- ya mazoea hazitapata pa kukaa, na mwanafunzi ataziona kuwa ni kasoro za lugha yake.

Mfano mwema tunao kutoka Italia kwenyewe. Mwaka 1659 kasisi wa Kikapuchini, Giacinto Brusciotto wa Vetralla, alichapisha mjini Roma, kwa Kilatini, sarufi ya Kikongo, ambayo ni ya kale kuliko zote tunazozijua za lugha za Kibantu. Mtu huyu alilelewa katika lugha zinazogeuza maneno mkiani. Hata hivyo alitambua kwamba katika Kikongo upatanisho hutawaliwa na mianzo ya majina, akayapanga majina kwa mianzo hiyo. Ikiwa yeye aliweza kuacha mkia na kutazama kichwa, hatuna udhuru sisi tunaokifundisha Kiswahili kwa wenyewe.