Wajukuu watatuuliza nini? Uzi kuhusu "walikuwa watu wa wakati wao"

Uzi huu ni mrefu kidogo, kwa hivyo shika chai kwanza.

Kila mjadala wa siasa ukifika mahali pagumu, lazima mtu aseme: "Msihukumu wazee kwa macho ya leo, walikuwa watu wa wakati wao." Nimeisikia kwa baraza la chifu, kwa redio asubuhi, hata darasani. Upande wa pili nao hujibu kwamba wazee walikuwa wabaya tu, basi. Naona wote wanaruka kitu kimoja.

Kanuni ya hapa ni ileile: hakuna jina la mwanasiasa wala chama. (Ndio, najua mji ninakoandikia una jina la rais. Sasa nifanyeje? Mimi ni wa Moi's Bridge.)

Zamani mji huu uliitwa Hoey's Bridge, jina la mlowezi Mzungu. Mashamba haya ya mahindi mnayoyaona mkienda Kitale yalikuwa ndani ya ardhi iliyotengewa Wazungu peke yao, na mwaka 1939 hilo likawekwa rasmi kwa amri kutoka London. Mlowezi wa kawaida hakujiona mwizi, alijiona analeta maendeleo. Lakini sijawahi kusikia mtu hapa akimtetea kwamba alikuwa mtu wa wakati wake. Huruma hiyo tunawawekea wazee wetu wenyewe.

Sasa tuje kwetu, kwa jambo ambalo halijaisha: msichana na shamba la babake.

Sheria ya Urithi ya Kenya ilipitishwa 1972 na kuanza kutumika 1981. Mtu akifa bila wasia, sheria inasema "watoto", haisemi "wana wa kiume". Wilaya chache, nyingi za wafugaji, ziliachwa zifuate mila kwa mashamba na mifugo. Uasin Gishu haikuwa mojawapo. Kwa hivyo kwa karatasi, tangu 1981 dada yako ni mrithi kama wewe.

Lakini kuna kesi kila mtu wa hapa angepaswa kuijua, Rono dhidi ya Rono. Mzee alifariki 1988 bila wasia, akaacha wake wawili, wana watatu, mabinti sita na shamba la ekari 192. Mahakama Kuu ikagawa: kila mvulana ekari 30, kila msichana ekari 5. Sababu mojawapo ni ile mnayoijua, ati wasichana wataolewa. Mama wa wasichana wanne kati ya hao akakata rufaa, na mwaka 2005 Mahakama ya Rufani, ikiketi hapa Eldoret, ikaufuta mgawanyo huo na kuwaweka mabinti sawa na ndugu zao. Kuolewa ni jambo linaloweza kutokea au lisitokee. Huwezi kumpunguzia mtu ekari 25 kwa sababu ya harusi ambayo haipo.

Miaka mitano baadaye Katiba ya 2010 ikasema wazi kwamba ubaguzi wa kijinsia kwenye mila za ardhi uondolewe. Mila zenyewe hazijasoma Katiba, lakini tuendelee.

Ninachotaka mkione ni hiki. Mabinti wale pia walikuwa watu wa wakati wao. Mama aliyekata rufaa hakutoka mwaka 2050. Aliishi kijiji kimoja na waliosema ni mila, akala ugali uleule, akaona si haki. Tunaposema "wakati ule watu waliona ni sawa", tunamaanisha watu gani? Kawaida ni wale waliopata ekari 30.

Kwa hivyo mimi nikitaka kujua vizazi vijavyo vitatucheka au kutulaani kwa lipi, sitabiri. Nauliza nani analalamika leo na sisi tunamwambia anyamaze kwa ajili ya amani ya familia.

Kuna pingamizi la maana hapa: si kila anayelalamika ana haki, na si kila kipya ni kizuri. Ni kweli. Walowezi nao walidhani wao ndio wakati ujao. Wajukuu wetu wanaweza kukosea wakituhukumu, na huenda wakatulaumu kwa jambo tunalojivunia, kwa mfano jinsi tunavyokatakata mashamba mpaka ekari inakuwa kiwanja. Hoja hiyo naiheshimu. Lakini mbona haitumiki mashamba yakigawiwa wavulana saba? Ukubwa wa shamba huanza kuwa shida pale jina la msichana linapotajwa.

Na tusijifanye sisi vijana wa mtandaoni tuko safi. Tunaandika haki mchana kutwa, na nyumbani kuna dada wa kazi anayeamka saa kumi na moja, anakula jikoni baada ya wote, na hajui siku ya mapumziko. Mshahara wa chini wa kisheria unamhusu pia. Nani kati yetu amewahi kuuliza mamake analipa ngapi? Mimi sijawahi. Nimekuwa nikijiambia hayo ni ya mama.

Shangazi yangu alirudi nyumbani na watoto wawili miaka mingi iliyopita. Babu alimwonyesha mahali pa kujenga kando ya shamba, kwa mdomo tu. Babu hayupo sasa. Mwezi wa nane tunaleta mpimaji, na kwa orodha iliyoandikwa kwenye kikao cha familia kuna majina manne, yote ya kiume. Langu limo, kwa sehemu ya marehemu baba. La shangazi halimo. Nilipomuuliza alisema, "Mwanangu, wewe soma kwanza, usigombane na baba zako wadogo kwa sababu yangu."

Nikawaambia baba wadogo sitaweka sahihi kabla jina lake halijaingia. Mmoja alikata simu. Mwingine aliuliza kama hayo ndiyo ninayofundishwa chuoni. Kikao kingine ni Jumamosi ijayo, na nimepanda matatu kurudi nyumbani.